Kila Nyumba na Iwe na Daftari Lake

Katika maduka madogo ya mitaa ya Kariakoo, Ilala na Magomeni, mwenye duka huweka karibu na mizani yake daftari lililochakaa. Humo mna majina ya wateja, na mbele ya kila jina imeandikwa sukari, unga, sabuni na mafuta yaliyochukuliwa kwa mkopo. Mwisho wa mwezi daftari hufunguliwa, na kila mtu huambiwa anachodaiwa. Ajabu ni kwamba katika nyumba nyingi za wadaiwa hao halimo daftari la namna hiyo. Mwenye duka anayajua matumizi ya nyumba kuliko wenye nyumba wenyewe.

Jambo hili si dogo. Katika sherehe za Mei Mosi mwaka 2025, Serikali ilitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kingepanda kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000 kwa mwezi, kuanzia Julai mwaka huo. Nyongeza ile ilipokelewa kwa furaha, na ilistahili kupokelewa hivyo. Lakini nyongeza ya mshahara haiwi nafuu ya maisha iwapo fedha hupita mikononi bila kuacha alama. Tena wakazi wengi wa katikati ya jiji letu, yaani wamachinga, mama lishe, wachukuzi na mafundi, hawana mshahara wa kuongezwa. Riziki yao huja kwa siku, na pengine siku nyingine haiji.

Na tuchukue mfano. Familia inaingiza shilingi 450,000 kwa mwezi. Chakula cha nyumbani ni shilingi 10,000 kwa siku, ambazo kwa siku 30 ni 300,000. Kodi ya vyumba ni shilingi 80,000. Zinabaki 70,000 za nauli, umeme, maji, dawa na mahitaji ya watoto shuleni. Sasa baba akinywa chai na vitafunio vya shilingi 1,500 kwa siku 26 za kazi, hizo ni 39,000. Simu ikilishwa shilingi 1,000 kila siku, hizo ni 30,000. Jumla ni 69,000. Katika zile 70,000 imesalia shilingi 1,000, na hakuna mtu katika nyumba hiyo aliyefanya anasa.

Hatusemi kwamba mfanyakazi asinywe chai. Tunasema kwamba ni haki yake kuchagua huku akiona. Wazee wetu hawakukosea waliponena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Swali linalofuata ni chombo gani kitumike. Zamani palikuwa na kibubu, na palikuwa na fundo la kanga. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na huduma nyingine za namna yake zilipofuata, simu imekuwa mfuko wa fedha wa watu wengi. Faida yake ni dhahiri: fedha hazitembei mkononi katika msongamano wa Mtaa wa Msimbazi, na kila malipo huacha ujumbe unaoweza kuwa ushahidi.

Hata hivyo, mfuko si mpango. Simu hueleza kiasi kilichosalia. Haielezi kwamba kiasi hicho ni cha kodi. Huwa na namba ya siri ya mtu mmoja, hivyo mwenzake haoni kilichomo. Kubwa zaidi, katika simu hiyo hiyo yenye akiba mna mlango wa mkopo, na mlango huo hufunguka usiku wa manane bila shahidi. Novemba mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizipiga marufuku programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Wananchi walioitwa wadaiwa sugu mbele ya jamaa na wakubwa wao wa kazi wanajua sababu. Na ile mikopo ya mitaani iliyopewa jina la kausha damu haikupewa jina hilo kwa mzaha.

Maoni yetu ni kwamba chombo kichaguliwe kwa kufuata jinsi riziki inavyoingia. Anayelipwa kwa mwezi hana budi kugawa siku ile ile ya malipo: kodi kwanza, chakula pili, shule na matibabu tatu, na mengine baadaye. Bahasha nne zinatosha. Anayepata kwa siku afunge hesabu kila jioni, na kabla ya yote autenge mtaji. Mama lishe wengi hawaangushwi na uhaba wa wateja, bali huangushwa na kula mchele wa kesho katika mauzo ya leo. Mtaji ukishawekwa kando, kinachobaki ndicho cha nyumba, na sehemu yake ndogo iende katika kibubu.

Kodi ya nyumba inahitaji chombo cha peke yake. Katika jiji letu wenye nyumba wengi hudai malipo ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa familia ya mfano wetu, miezi sita ni shilingi 480,000, kiasi kinachozidi mapato yote ya mwezi mmoja. Hapo ndipo upatu na VICOBA vinapofaa, mradi zamu ya kupokea iangukie karibu na mwezi wa kodi, na wanachama wawe watu wanaofahamiana. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua vikundi vya kijamii vya fedha na kuvitaka viandikishwe. Kikundi kinachokwepa kuandikishwa kinafaa kutazamwa kwa jicho la pili.

Majirani pia wanaweza kusaidiana. Gunia la mchele hununuliwa Kariakoo kwa bei ya jumla, na mwenye kununua kwa kilo au kwa kipimo hulipa zaidi kwa kila punje. Nyumba nne zikichanga na kugawana kwa mizani, kila moja hupata nafuu ambayo isingeipata peke yake.

Lakini vyombo vyote hivyo vinahitaji daftari la kuviunganisha, na daftari hilo liwe wazi kwa mume na mke. Mume anayeficha mapato yake, na mke anayeficha deni lake la duka, wanaandika vitabu viwili vya nyumba moja, na siku vitabu hivyo vinapokutana huwa siku ya ugomvi. Watoto wakubwa nao waonyeshwe, maana mtoto anayejua bei ya unga huomba kwa kiasi.

Tunakiri kwamba daftari haliongezi mshahara wala halishushi bei. Ndiyo maana tunatoa mwito pia kwa wengine. Wenye nyumba wakubali kupokea kodi kwa mwezi au kwa miezi mitatu. Waajiri walipe kwa tarehe inayojulikana. Makampuni ya simu yampelekee kila mteja, bila kuombwa, jumla ya makato na mikopo yake ya mwezi, kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Wakati hayo yakisubiriwa, daftari na kalamu vinauzwa katika duka lile lile linalotudai. Tununue, na safari hii tulipe taslimu.