Saa za Almasi: Pambo au Israfu?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Maswahaba wake.

Ndugu Waislamu wa Mikese na vitongoji vyake, upo mtindo ambao hatuwezi kuunyamazia. Katika walima na hafla zetu wanaume wanashindana kwa saa za mkononi zenye dhahabu, almasi na lulu. Asiyeziweza hununua za bandia, zenye vijiwe vya kioo, ili naye ahesabiwe. Wanaoigwa ni mabwana wa dunia: mwaka 2014 kampuni ya Graff ilionyesha huko Uswisi saa moja ya almasi kwa thamani ya dola milioni 55!

Hatuharamishi alichokihalalisha Allah. Lulu imetajwa katika Suratur-Rahman miongoni mwa neema za bahari, na wanawake wameruhusiwa dhahabu. Lakini kwa mwanamume dhahabu ni haramu. Mtume (s.a.w.) aliivua pete ya dhahabu mkononi mwa mtu akaitupa. Ikiwa pete haikuachwa, saa itaachwa kwa hoja gani?

Watasema: "Yangu si dhahabu, ni almasi tu." Basi na tuulize habari ya zaka. Wanazuoni walio wengi wamesema almasi na lulu za kuvaliwa hazina zaka, ila zikiwa za biashara. Fedha iliyofikia nisabu na kukaa mwaka hutoa asilimia 2.5, ikigeuzwa jiwe, fukara hapati kitu. Anayefanya hivyo ili kuikwepa zaka, je, anamhadaa Allah ajuaye yaliyomo vifuani?

Tuulize pia mapambo haya yametoka wapi. Almasi ya Mwadui, Shinyanga, iligunduliwa mwaka 1940 na Mkanada John Williamson, na jiwe la waridi la huko likaenda kuwa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza mwaka 1947. Lulu za Ghuba zilizamiwa na watumwa pia, wakiwamo waliotekwa Afrika Mashariki, na njia ya misafara ya kwenda Bagamoyo ilipita katika ardhi yetu hii ya Morogoro. Je, hilo ni la kujifaharisha?

Wengine hudai kwamba saa ni ya kuchungia swala. Saa ya springi, hata ikiwa ya thamani kubwa, kwa kawaida hushindwa usahihi na saa ya betri ya bei ndogo. Katika Suratul-Asr Allah ameapa kwa Wakati, hakuapa kwa chombo cha kuupimia. Mwenye almasi anayelala Alfajiri ikampita yumo hasarani. Mkulima asiye na saa, aamkaye kwa adhana, ndiye aliyeujua wakati.

Tunausia: mwanamume mwenye saa ya dhahabu aivue leo. Mwenye ziada aielekeze kwa mayatima, wajane na madrasa. Na maimamu watangulie, kwani mimbari haiwezi kukemea israfu kwa mkono unaometameta.

Wabillahi tawfiq.