Baruti Siyo Mbolea, Usiipime kwa Kisoda



Juzi kijana mmoja wa upande wa Bunda kanipigia simu saa tano usiku. Amekodi ekari nne, kapanda mahindi, hela ya mbegu na mbolea kakopa. Tembo wametoka hifadhini, wamelala na karibu ekari nzima. Akaniuliza: "Bwana shamba, kuna gobore la marehemu babu. Nataka nilipakie mwenyewe. Baruti ipi na risasi ipi inapiga palepale ninapolenga?"

Sikumkatia simu. Mtu anayeona mkopo wake ukitafunwa gizani haulizi swali la kijinga, anauliza swali la mtu aliyechoka. Nilimjibu, na jibu lile naliandika hapa kwa sababu najua hayuko peke yake.

Wanaojaza risasi wanafanyaje

Huko Marekani na Ulaya kuna walengaji wanaojaza risasi zao wenyewe. Ukiangalia video utadhani ni kazi nyepesi. Risasi nzima ina vitu vinne: ganda, kiwashio cha kwenye kitako, baruti na kichwa. Baruti wanaipima kwa mizani, kwa kipimo kinachoitwa greni. Greni 1 ni kama gramu 0.065. Punje moja ya mahindi makavu ina kama gramu 0.3, kwa hiyo greni 1 haifiki hata robo ya punje. Hapo ndipo ubishi wao ulipo.

Halafu baruti siyo moja. Kuna inayoungua haraka na inayoungua polepole, na kila moja ina uzito wa kichwa na aina ya bunduki inayoendana nayo. Hawakisii. Wanafuata jedwali la kiwanda na wanaanzia kipimo cha chini. Mtutu wenyewe una mifereji ya mzunguko kwa ndani, ndiyo inayokizungusha kichwa kiende kimenyooka. Kichwa kirefu kinataka mifereji inayozunguka haraka zaidi. Siri ya kupiga palepale siyo nguvu, ni kila risasi kufanana na iliyotangulia.

Sasa turudi kwa gobore la babu. Mtutu wake ni laini, hauna mifereji. Unapakiwa kwa mdomoni, na kinachotoka ni gololi au vipande vya chuma visivyolingana. Hakuna baruti duniani itakayofanya kitu hicho kipige palepale. Na halikuja kuwa hivyo kwa bahati mbaya. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mlango kwa zile za mtutu laini na baruti ya kawaida. Silaha waliyoachiwa babu zetu ndiyo leo tunataka tuitegemee mbele ya tembo.

Itakuumiza wewe kwanza

Kwenye mbolea tumezoea kisoda. Ukizidisha, mche unaungua, unarudishia mwingine. Baruti haina kurudishia. Baruti ya kisasa iliyotolewa kwenye risasi ya kiwandani ukiiweka kwenye gobore, msukumo wake unaweza kupasua mtutu, hasa huu uliotengenezwa kwa bomba la maji. Mimi nimemtembelea mzee mmoja aliyebaki na vidole viwili mkono wa kushoto kwa jambo hilohilo. Jembe anashika, lakini kwa shida.

Tuseme basi haikupasuka. Tembo dume mkubwa anaweza kufika tani 6. Gololi ya gobore itamjeruhi tu, na tembo aliyejeruhiwa ni hatari kwa yeyote atakayekutana naye asubuhi. Huyo yeyote anaweza kuwa mama yako anayeenda kisimani.

Na sheria ipo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haikuruhusu kumiliki gobore bila leseni wala kutengeneza risasi nyumbani. Kuua tembo kunakuingiza kwenye Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Ekari moja ya mahindi unaweza kuilima tena msimu ujao. Miaka ya jela hailimwi. Kama nyumbani kuna gobore la urithi, ulizeni polisi au uongozi wa kijiji utaratibu wa kulisalimisha. Jeshi la Polisi limekuwa likitangaza vipindi vya msamaha, tumieni nafasi hiyo.

Na mwenye leseni ya bunduki ya kweli? Nunua risasi ya kiwandani. Soma kipimo kilichochongwa kwenye mtutu kilingane na cha kwenye kitako cha risasi, kaa na aina moja, zihifadhi pakavu.

Unga ninaoushauri

Najua mtasema serikali inachelewa. Kweli, askari wa wanyamapori hawawezi kuwa kila shamba kila usiku. Na kifuta jasho, kama jina lake, kinafuta jasho tu, siyo fidia. Hilo nalisema hata vikaoni. Lakini hasira isitufanye tuchague unga mbaya. Unga ninaoushauri ni wa pilipili.

Zungusha kamba kwenye nguzo kuzunguka shamba, ning'iniza vitambaa, paka pilipili kali iliyosagwa na kuchanganywa na oili chafu. Mvua ikinyesha, paka upya. Changanya pilipili na kinyesi cha ng'ombe, fyatua matofali, kausha juani, yachome jioni upande unakotoka upepo. Mwenye uwezo aweke mizinga ya nyuki. Kule Kenya, Lucy King na wenzake wameipanga kila baada ya mita 10 ikiunganishwa kwa waya: tembo akigusa waya, nyuki wanatoka. Na asali unauza.

Hakuna dawa moja. Tembo ana akili, ukitumia njia moja kila siku anaizoea. Kwa hiyo badilisheni, na lindeni kwa kikundi: tochi kali, honi, zamu inayojulikana. Mtu mmoja mwenye gobore amelala usingizi hamzidi kikundi cha watu kumi wenye tochi. Wakishaingia, piga picha za uharibifu, pima eneo, toa taarifa kijijini na kwa idara ya wanyamapori siku hiyohiyo.

Na msimu ujao, kabla ya kukodi, uliza wenyeji njia ya tembo inapita wapi. Ekari ya bei rahisi pembezoni mwa hifadhi mara nyingi ina sababu yake.

Yule kijana nilimwambia gobore lisiguswe, nami Jumamosi nitafika na kamba na pilipili. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Sawa bwana shamba, lakini usichelewe, mahindi yameanza kubeba."

Sitachelewa. Na nyie wengine wa Bunda mliopakana na hifadhi, msisubiri saa tano usiku. Nipigieni mchana, mapema.

Wenu, afisa ugani, Buhare.