Mahali pa Mgonjwa wa Akili

Iko hukumu moja katika nchi yetu ambayo haitolewi na kadhi wala hakimu, haina mashtaka, haina wakili, na haina rufani. Ni hukumu ya kumwondolea mtu mahali pake kati ya watu kwa sababu akili yake imeugua. Nia ya insha hii ni kuipinga hukumu hiyo, na kuwapinga pia wale wanaoipamba kwa majina mazuri.

Na tutazame Kigombe, kijiji cha wavuvi na wakulima kilicho katika njia ya kutoka Tanga kwenda Pangani, chenye bahari upande wa mashariki na nchi ya mkonge nyuma yake. Katika kijiji kama hiki mtu hajulikani kwa jina lake tu. Hujulikana kwa mahali pake. Huyu ana nafasi yake katika ngalawa. Yule ana safu yake msikitini. Mwingine ana pembe yake barazani, na asipoonekana jioni huulizwa. Mwanamke ana shughuli yake katika arusi na katika msiba, na pasipo yeye shughuli hupwaya. Nafasi hizi hazikuandikwa popote, lakini ndizo utajiri wa mtu. Wazee husema, "Mtu ni watu". Na watu hukaa mahali.

Sasa mtu huyo na augue akili. Hakuna amri inayotangazwa. Pwani huambiwa apumzike, kwani chombo hakitaki baharia asiyeaminika. Barazani, akifika, mazungumzo hugeuka mzaha, na mmoja mmoja hukumbuka kazi aliyoiacha nyumbani. Watoto hupata ruhusa ya kumfuata na kumwimbia, ruhusa ambayo hawana juu ya mtu mzima mwingine yeyote. Mwisho hubakiwa na sehemu mbili: chumba cha uani, ambako pengine hufungwa kamba, na ufuko mtupu saa ambazo vyombo havipo. Ndipo watu husema, "Mwenda wazimu hupenda kuzurura peke yake." Hapendi. Amebakishiwa njia tu, naye ameishika. Ugonjwa ulichukua sehemu ya akili yake. Sisi tumemchukulia kijiji kizima, kisha hasara yote twaiandika katika hesabu ya ugonjwa.

Watetezi wa hukumu hii ni wa namna mbili. Wa kwanza husema, "Apelekwe hospitali." Hospitali siipingi, dawa hutuliza, na amnyimaye mgonjwa dawa ni mkatili. Nalipinga neno "apelekwe" linapokuwa na maana ya "aondolewe". Mkoa wa Tanga una historia ndefu katika jambo hili. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walianzisha mwaka 1896 makao ya watoto waliookolewa katika utumwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao hayo yakawa ya wagonjwa wa akili. Pale walipopokelewa waliotengwa na kwao kwa biashara ya watumwa, wakaja kupokelewa waliotengwa na kwao kwa ugonjwa, na pengine kwa uchovu wa jamaa zao. Lutindi ingali inatibu, na mgonjwa hupata huko kazi ya mikono na ya shamba. Lakini hakuna daktari, huko wala Mirembe ya Dodoma, awezaye kuandika katika cheti neno la kumrudishia mtu pembe yake barazani. Akirudi na kukuta pamejaa, huenda akaugua tena. Nasi tutasema dawa haikufaa.

Watetezi wa pili ni wenye kuzisifia mila. Hao husema Mwafrika hamtupi mgonjwa wake, na kwamba kuta zililetwa na wageni. Kauli hiyo ni tamu, na ina chembe ya kweli: ngoma ya pepo hukusanya watu kumzunguka mgonjwa, wala hilo si jambo dogo. Lakini isikilizeni lugha yenyewe. Mtu apandwaye na pepo huitwa kiti. Pepo huulizwa jina lake, huulizwa haja yake, hukirimiwa kama mgeni wa heshima. Ngoma ikisha, mgeni huaga, na kiti hurudishwa uani. Pepo tumempatia pa kukaa. Mwenye mwili hatukumpatia. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watu wanaofungwa minyororo kwa sababu ya maradhi ya akili katika nchi zipatazo 60, na jirani yetu Kenya ni moja yao. Wengi wao hufungwa na ndugu zao, tena kwa nia njema.

Wala sheria haikusalimika. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 5, yaliruhusu Bunge kumzuia raia kupiga kura kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Ibara hiyo haikueleza ni ugonjwa gani, wala wa kiasi gani, wala wa muda gani. Baraza la kijiji na baraza la taifa zimesema neno moja.

Mtu asidai kwamba njia nyingine haiko. Mwaka 1954 daktari Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria alianza kuwapangisha wagonjwa katika nyumba za wanakijiji huko Aro, karibu na Abeokuta, kila mmoja pamoja na jamaa yake. Walitibiwa hospitalini, wakaishi kijijini. Tanzania nayo baada ya Uhuru ilianzisha vijiji vya kilimo vya wagonjwa, kama Vikuruti na Hombolo. Fikra ilikuwa njema, ila ilikoma katikati ya safari: ilimpa mgonjwa kijiji kingine, wala haikukidai kile alichozaliwa.

Nanyi wanafunzi na wanazuoni hamna udhuru. Mwakusanya majina ya samaki, istilahi za ngalawa na tungo za pwani. Neno kichaa mmelitia katika kamusi mkalipa maana. Mwenye kuitwa hivyo hamjamwuliza maana yake. Mwulizeni. Ajua kijiji kuliko mwenyekiti wake, kwa sababu ajua kila mlango uliofungwa.

Kigombe haihitaji jengo jipya ili kuitengua hukumu hii. Yahitaji nahodha ampe mtu huyu kamba ya kushika, imamu amwachie safu yake, na mzazi amkanye mtoto. Na kipimo cha kupona kisiwe kunyamaza kwa mgonjwa; kiwe kuulizwa kwake, jioni asipoonekana barazani.