LAPTOPU HAINA PEPO, INA MIPANGILIO

 

Leo nina neno gumu kwa wazazi, na najua wengine mtanuna. Nuneni, lakini msome mpaka mwisho.

Kila shule zikifungwa naona kitu kilekile. Mzazi anajinyima, anachukua pesa za chama, anamnunulia kijana laptopu ya gemu. Ile nzito, yenye kibodi inayowaka rangi na chaja kubwa kama tofali. Anamkabidhi ikiwa ndani ya boksi, anapiga picha, anaposti WhatsApp, sote tunaandika "hongera." Miezi mitatu baadaye mzazi huyohuyo anakuja mbele wakati wa maombezi, analia, anataka tukemee pepo wa gemu.

Sitaikemea laptopu. Nitakuuliza maswali matatu kwanza. Siku ya kwanza nani aliiwasha? Akaunti ya kwanza iko kwa jina la nani? Na usiku hiyo laptopu inalala wapi?

Kama huna jibu, mzazi, usimsingizie shetani kazi ambayo ni yako.

UKINGO WA PAA

Fungua Kumbukumbu la Torati 22:8. Nyumba za Israeli zilikuwa na paa tambarare. Watu walipanda huko juu kupunga upepo na kuanika vitu. Ndiyo maana Rahabu alikuwa na mabua ya kitani ya kuwafichia wapelelezi. Sasa angalia sheria ilivyofanya. Haikukataza paa, wala haikuagiza libomolewe. Ilimwambia aliyejenga nyumba mpya ajenge ukingo kulizunguka, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile.

Ona mambo mawili hapo. Anayewajibishwa ni mwenye nyumba. Na wakati wa kujenga ukingo ni nyumba ikiwa mpya, kabla mtu hajaanguka.

Laptopu ya mwanao ni nyumba mpya, na umempandisha juu ya paa lisilo na ukingo.

KWA WANAOSEMA TUICHOME

Wapo wahubiri wanaofundisha kwamba kila gemu ni mlango wa kuzimu, kwa hiyo leteni tuchome. Nawaheshimu, lakini kwa hili siwaungi mkono. Ukiichoma, kijana atacheza kwa simu, au kwa jirani, au kwenye chumba cha gemu kule sokoni anakolipa kwa saa. Umemtoa kwenye paa lako ukampeleka kwenye paa la mtu usiyemjua.

Tena mjue kile mnachokichoma. Kinachoitofautisha laptopu ya gemu na nyingine ni kichakato cha michoro, kile kinachochora picha nyingi kwa sekunde moja. Kichakato hichohicho ndicho kinachohariri video na kuchora michoro ya majengo. Vijana wanaorusha ibada yetu mtandaoni wanahitaji mashine ya aina hiyo. Ukiichoma gemu, umechoma na karakana.

Na Zekaria 8:5 inapotuonyesha Yerusalemu iliyorejeshwa, inaonyesha njia zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Mungu hakasirishwi na mtoto kucheza. Swali ni nani anayelinda njia hizo.

UKINGO WA KWANZA: AKAUNTI

Wengi mnaharibikiwa hapa, saa ya kwanza kabisa.

Windows ikiwashwa mara ya kwanza inaomba intaneti na akaunti. Akaunti ya kwanza kufunguliwa ndiyo inayopewa usimamizi wa mashine yote. Mwenye hiyo anaweka programu, anaondoa programu, anafungua na kufunga anachotaka. Wewe ukimwachia mtoto wa miaka 12 afungue ya kwanza, umempa hatimiliki ya nyumba halafu unabisha hodi kama mgeni.

Wengine mnamwachia fundi wa dukani "aiandae." Fundi anatumia barua pepe yake mwenyewe. Sikiliza kinachoweza kukupata. Laptopu nyingi za sasa zinafunga data kwa siri, na ufunguo wa kuifungua, wenye tarakimu 48, unahifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika siku ile ya kwanza. Siku mashine itakapouliza ufunguo huo, utamtafuta fundi aliyeshahama duka na kubadilisha laini.

Kwa hiyo, mzazi, ya kwanza iwe yako. Neno la siri liwe lako, na lisiwe tarehe ya kuzaliwa ya mtoto. Kisha mfungulie mtoto akaunti yake ya kawaida, yenye umri wake wa kweli, uiunganishe na yako kwenye Microsoft Family Safety. Hailipiwi. Hapo unaweka saa za kutumia mashine na umri wa programu zinazoruhusiwa, na kila wiki unaona ripoti. Steam, wanakonunulia gemu nyingi, nayo ina Steam Families: wewe unaamua mtoto acheze zipi na kwa muda gani.

Wengi humdanganyia mtoto umri ili "isisumbue." Umeanza nyumba mpya kwa uongo, na uongo huo ndio unaomfungulia mlango wa watu wazima.

UKINGO WA PILI: USIMPE MTOTO MALI YA WIZI

Fundi anakwambia, "Mama, nitakuwekea gemu thelathini kwa flashi, bei ya chai." Unafurahi. Jumapili unatoa sadaka ya shukrani kwa ajili ya laptopu iliyojaa mali ya wizi.

Hiyo ni amri ya nane, haina tafsiri nyingine. Watu walikaa miaka wakitengeneza ile gemu. Hata ukiacha Biblia kando, fikiri kwa akili ya kawaida. Maagizo ya gemu za wizi mara nyingi huanza kwa kukuambia uzime kinga ya virusi. Mgeni anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia, unamfungulia lango? Virusi wa namna hiyo huiba maneno ya siri, na kwenye mashine hiyohiyo umefungua barua pepe na benki yako.

Zipo gemu halali za bure, tena nyingi. Na ukinunua kihalali Steam unaweza kuirudisha ndani ya siku 14 kama haijachezwa zaidi ya saa 2. Ya flashi utairudisha kwa nani?

UKINGO WA TATU: KAMARI ILIYOVAA JEZI

Hapa nataka akina baba mkae chini.

Mnaogopa gemu za bunduki, na mnayo sababu. Alama ya umri iko pale pale kwenye gemu. Ya Marekani inatumia herufi: E ni ya kila mtu, T kuanzia miaka 13, M kuanzia miaka 17. Call of Duty ni M. Ya Ulaya inatumia namba: 3, 7, 12, 16, 18. Ukiweza kusoma tarehe ya mwisho kwenye pakiti ya maziwa, unaweza kusoma hiyo.

Lakini ya mpira mnaipitisha bila swali. "Huo ni mpira tu, mchungaji." EA Sports FC, ile iliyoitwa FIFA hadi mwaka 2023, Marekani imepewa E. Soma maandishi madogo yaliyo chini yake: yanaonya kuhusu ununuzi ndani ya gemu na vitu vya kubahatisha. Mtoto analipa pesa halisi kufungua pakiti, hajui atapata mchezaji gani. Anaweza kupata nyota, na mara nyingi anapata wa benchi. Kwa hiyo anafungua nyingine.

Hiyo unaiitaje? Ubelgiji waliiita kamari. Mwaka 2018 tume yao ya kamari ilisema masanduku ya bahati ya namna hiyo yanavunja sheria, na Januari 2019 EA ikaacha kuuza pointi za FIFA katika nchi hiyo. Hawakuwa wachungaji waliosema hivyo. Walikuwa watu wa serikali waliosoma sheria yao.

Tunahubiri dhidi ya beti kila wiki. Tunajua vijana waliochezea karo. Halafu tunamzoesha mtoto wa miaka tisa utamu uleule sebuleni, kwa kadi ya baba, tunauita mpira. Usiiache kadi yako ndani ya mashine. Usimpe PIN ya M-Pesa. Akitaka kununua kitu, aje akuombe, akueleze ni nini, na apate nafasi ya kusikia neno "hapana."

UKINGO WA NNE: SAUTI YA MGENI

Ukisikia mwanao anacheka peke yake saa nne usiku akiwa na vifaa masikioni, hayuko peke yake. Anaongea na watu. Wengine ni watoto kama yeye. Wengine huwajui, naye hawajui.

Desemba 2022 kampuni ya Epic Games, wenye Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 520 katika kesi za tume ya biashara ya Marekani. Milioni 275 zilikuwa faini ya kuvunja sheria ya faragha ya watoto. Milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wachezaji waliotozwa kwa ujanja wa vitufe. Moja ya malalamiko ya tume ni kwamba mazungumzo ya sauti na maandishi yaliachwa wazi tangu mwanzo, watoto wakakutanishwa na watu wasiowajua. Sharti mojawapo likawa mazungumzo hayo yazimwe kwa watoto na vijana mpaka ruhusa itolewe.

Umeelewa? Mlango ulikuwa wazi tangu kiwandani. Usingoje mwenye kiwanda akufungie. Ingia kwenye mipangilio ya kila gemu, zima mazungumzo ya wageni, acha marafiki unaowajua kwa sura.

UKINGO WA TANO: CHAJA NA SAA

Nehemia alipomaliza kujenga ukuta hakuyaziba malango. Soma 7:3. Aliyawekea saa ya kufunguliwa, na walinzi, kila mtu kuielekea nyumba yake.

Nawapa siri moja. Laptopu ya gemu bila chaja ni mnyonge. Ikitegemea betri nguvu yake inashuka, na ukicheza gemu nzito mara nyingi haifiki saa mbili. Kwa hiyo anayeshika chaja ameshika lango. Saa ya kulala ikifika, chaja inaingia chumbani kwa mama. Hakuna kelele, hakuna kofi.

Mashine ikae sebuleni, juu ya meza ngumu. Kitandani blanketi linaziba matundu ya hewa, nayo inajipika yenyewe. Ichomeke kwenye kinga ya umeme, maana umeme wetu mnaujua. Na mfundishe mtoto hesabu: mashine inayokula wati 200 ikichezwa saa 5 imemaliza yuniti moja ya tokeni. Mtoto anayejua bei ya mchezo wake ameanza kujifunza uwakili.

"LAKINI MIMI SIJUI KOMPYUTA"

Hili silikubali. Ulijifunza M-Pesa. Ulijifunza Fuliza bila mwalimu. Ukituma pesa kwa namba isiyo yake unajua kuirudisha kabla jasho halijakauka. Kile unachokiona cha maana unajifunza. Sema tu hujaona bado kwamba hili ni la maana.

Kaa na mwanao jioni moja, muiandae pamoja. Akuonyeshe vitufe, wewe umwonyeshe mipaka. Cheza naye raundi moja, akushinde, akucheke. Mtoto aliyecheka na baba yake mbele ya ile mashine atakuwa na ujasiri wa kumwita siku mgeni akimwambia neno baya humo ndani.

NA ALIYEKWISHA KUANGUKA?

Najua kuna mzazi anasoma hili akiwa na kijana asiyelala, asiyeoga, aliyeacha shule. Sikudharau. Shirika la Afya Duniani limeliweka tatizo la uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, inayotumika tangu Januari 2022. Alama zake ni kushindwa kujizuia, kuitanguliza gemu mbele ya kila kitu, na kuendelea ingawa madhara yanaonekana, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Akifikia hapo, mlete tumwombee, na umpeleke kwa mshauri nasaha au daktari. Vyote viwili. Na usimwite mwanao pepo mbele ya kanisa. Atalibeba jina hilo muda mrefu kuliko gemu.

Eli alikuwa kuhani.  Madhabahu hakuikosa, na maombi aliyajua. Kosa alilohesabiwa katika 1 Samweli 3:13 ni kwamba alijua wanavyofanya wanawe, asiwazuie.

Nitakuombea, ndiyo kazi yangu. Lakini siwezi kuja nyumbani kwako kila usiku kushika chaja.

Jumamosi hii kaa chini na mwanao. Kabla ya kulala ujue akaunti ni ya nani, kadi iko wapi, mazungumzo yamezimwa au la, na chaja inalala wapi. Ukikwama, njoo Jumapili baada ya ibada na laptopu yako. Vijana wa mitambo watakaa nawe mpaka mmalize.

Bwana awape wazazi hekima ya kujenga ukingo mapema, na watoto furaha ya kucheza wakiwa salama. Amina.

Mchungaji wenu.