Edonga, injili na mizani moja

Kuna swali ambalo limezungukwa kwa miaka mingi katika makanisa na shule za Turkana bila kujibiwa waziwazi. Je, kijana wa Lopur anayemwamini Kristo aweza kucheza edonga akabaki Mkristo? Baadhi ya wazee wa kanisa husema haifai. Walimu nao huikubali edonga msimu wa tamasha la muziki unapowadia, kwa kuwa huleta vikombe. Msimu ukiisha, huifungia kabatini pamoja na shanga na shuka hadi mwaka mwingine. Kijana anayelelewa hivyo hujifunza somo ambalo halimo katika mtaala wowote: kwamba yeye ni watu wawili, mmoja wa Jumapili na mwingine wa nyumbani, na kwamba ni heri wawili hao wasikutane.

Tuanzie mbali kidogo. Wakati wa ukoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Hakuingia mgeni ila kwa kibali. Wamisionari walipata nafasi hasa baada ya njaa ya mwaka 1961, wakaja na chakula, dawa na madarasa. Jimbo Katoliki la Lodwar likaundwa mwaka 1978. Asiyekiri wema uliotendeka katika miaka hiyo ni mtovu wa shukrani. Hata hivyo, imani iliyofika pamoja na mahindi ya msaada ilifika pia na mavazi yake, vinanda vyake na nyimbo zake, na mwenye njaa hana nafasi ya kuuliza ni kipi katika mzigo huo kilicho Injili na ni kipi kilicho desturi ya aliyeuleta.

Ajabu ni kwamba wamisionari hao hao hawakuleta jina jipya la Mungu. Walilikuta jina la Akuj, ambaye Waturkana walikuwa wakimwomba mvua na uhai tangu zamani, wakalipokea likaingia katika sala na katika Biblia. Ikiwa jina lenyewe lilistahili kufika altareni, kwa nini wimbo uliolibeba uliachwa mlangoni? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya Desemba 1963, ulikwisha kuagiza kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima na nafasi katika ibada. Ruhusa ilikuwapo kabla ya Jimbo la Lodwar kuzaliwa.

Tusiwadhulumu waliojitahidi. Nyimbo za ibada kwa Kiturkana zipo, na akina mama vigango vingi huziimba kwa sauti za kwao. Walioachwa nyuma ni vijana wa shule. Hao wakitaka kumsifu Mungu kwa muziki wa Kiafrika huletewa ngoma za ngozi na kuambiwa huo ndio utamaduni. Lakini edonga haitegemei ngoma ya kupigwa. Mdundo wake ni nyayo zikitua ardhini kwa pamoja, makofi, na sauti ya mmoja anayeanzisha huku wengine wakiitikia. (Lugha yetu ya Kiswahili inachangia kosa hili, maana mchezo huuita ngoma hata pasipo na ngoma.) Na katikati ya mchezo huo mna ushairi: kijana humtungia dume wake ampendaye, akasifu rangi yake na mkunjo wa pembe zake, hata akajiita kwa jina litokanalo na rangi hiyo. Mwalimu wa fasihi simulizi akitafuta sifo hai, asiende mbali.

Hapa Kakuma tunao mfano ulio karibu mno hata hatuuoni. Kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka 1992, miongoni mwa waliofika walikuwamo maelfu ya wavulana kutoka kusini mwa Sudan, wengi wao Wadinka, waliofukuzwa na vita hadi Ethiopia kisha wakalazimika kuondoka huko serikali ya Mengistu ilipoanguka mwaka 1991. Ng'ombe walikuwa wamepotea, na wengi hawakujua kama wazazi wao wangali hai. Walichofika nacho ni nyimbo. Wakati wa vita hivyo Wakristo Wadinka walitunga tenzi kwa wingi, katika lugha yao na kwa mtindo wa nyimbo zao za jadi. Mashuhuri kati ya watunzi hao ni Mary Alueel Garang, na Marc Nikkel, kasisi Mwanglikana kutoka Marekani aliyefariki mwaka 2000, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuzikusanya na kuzichunguza tenzi za aina hiyo. Watu waliokuwa wakikimbia mabomu waliisoma sura ya 18 ya kitabu cha Isaya, inayotaja nchi ng'ambo ya mito ya Kushi, wakajiona wao wenyewe humo, wakaimba.

Basi tazama mkasa huu. Mkimbizi aliyepoteza kila kitu alimlilia Mungu kwa wimbo wake mwenyewe, naye mwenyeji, aliye katika nchi ya babu zake, ameazima wimbo wa kuombea. Tenzi za Wadinka hazikudumu kwa sababu ya uzuri wa sauti peke yake. Zilidumu kwa kuwa zilisema msiba ulivyokuwa, kwa maneno ambayo hata mchungaji asiyejua kusoma aliweza kuyachukua njiani bila karatasi.

Wapo watakaotujibu kwamba edonga si mtoto mchanga asiye na hatia, nasi tunakubali. Zimo nyimbo zinazowatukuza waliorudi kutoka uvamizi na mifugo ya Watoposa, Wapokot au Wadodoth, na zimo zinazomcheka aliyebaki nyumbani. Katika nchi ambamo bunduki zimechukua mahali pa mikuki, wimbo wa namna hiyo huandaa mazishi. Mwalimu Mkristo hawezi kuufundisha kana kwamba ni pambo tu, eti kwa kuwa ni utamaduni.

Lakini mizani hiyo hiyo na iletwe kanisani. Siku hizi vijana wa Lodwar na Kakuma hupata nyimbo za injili katika simu zao, zimetengenezwa Nairobi kwa midundo ile ile ya muziki wa dansi. Wengine hushtuka kwa midundo hiyo. Walishtuka pia mwanzoni mwa miaka ya 2000, wimbo wa Esther Wahome, "Kuna Dawa", ulipopigwa hadi katika vilabu vya pombe. Sisi mdundo hautushtui. Wala hatuoni aibu gani kwa wimbo wa dini kumfuata mlevi mahali alipo. Kinachotushtua ni maneno ya baadhi ya nyimbo za leo, ambamo Mungu ni mgawaji wa magari na maadui wa mwimbaji wanaombewa waaibike. Kijana anayefurahia jirani yake aaibishwe ana tofauti gani na yule anayeimba ng'ombe wa Watoposa? Mmoja amevaa suti, mwingine shuka.

Yahusuyo nyimbo yahusu na sanaa za macho. Juu ya kilima mjini Lodwar imesimama sanamu ya Kristo aliyenyoosha mikono, kwa mfano wa ile ya Rio de Janeiro. Inapendeza, na mahujaji huipanda. Hata hivyo, mwaka 1959 Elimo Njau, mchoraji kutoka Tanganyika, alichora ukutani mwa kanisa la Anglikana huko Murang'a maisha ya Yesu katikati ya migomba na vilima vya Wagikuyu, watu wake wote wakiwa Waafrika. Zaidi ya miaka 60 imepita, na bado tunangoja mchoraji wa Turkana atakayetuonyesha mchungaji mwema akiwa na kigoda na fimbo, akiwachimbia mbuzi wake maji katika mchanga wa korongo.

Tunalopendekeza kwa walimu ni dogo. Siku moja kabla ya mazoezi ya tamasha kuanza, waandikeni wanafunzi maneno ya nyimbo tatu ubaoni: wimbo wa dume kutoka kijijini, wimbo wa injili uvumao kwenye simu, na Zaburi ya 23, iliyo ya mchungaji kama wao. Waulizeni juu ya kila mmoja: unamsifu nani, unamdharau nani, na mtunzi aliyaona kweli anayoyasema? Wasiojua wimbo wa dume watumwe kwa wazee. Kipindi hicho hakihitaji fedha za kaunti wala barua ya askofu, bali ubao, chaki, na mzee aliye radhi kuketi chini ya mgunga aulizwe na watoto.