Liszt Hakumwibia Schubert
Wapo wanaomwona Franz Liszt kama mpiga piano wa mbwembwe tu: vidole vingi, moyo kidogo. Wasikilize kwanza Soirées de Vienne, vipande 9 vilivyochapishwa mwaka 1852.

Malighafi ni ya Franz Schubert, walsi fupifupi za kuchezwa sebuleni mjini Vienna. Liszt alizishona pamoja: mkono wa kushoto unashika mapigo matatu ya dansi, wa kulia unamwaga noti kama shanga uzi ukikatika.

Huo si wizi. Schubert alifariki mwaka 1828 akiwa na miaka 31, na walsi zake zilihitaji wa kuzitoa sebuleni.

Na zilitoka kweli: mwaka 1986 mpiga piano Vladimir Horowitz, mzee wa miaka 82, alikipiga kipande cha 6 jijini Moscow, mbele ya ukumbi uliofurika.