Hawa si bakteria, ni wanasiasa

Wasee, jana niko Ras Kitau nangoja boti ya kurudi Shela. Jamaa analalamika kidonda cha mguu. Mwenzake anachomoa mfukoni kapsuli mbili za rangi mbili, zilizobaki sijui za nani. "Chukua mwanangu, hizi zinaua kila kitu."

Haziui kila kitu. Hapo ndipo tunapodanganyana.

Chukua Klebsiella, bakteria anayesumbua wodi za wachanga na za mahututi. Maabara inamwotesha, inamwekea dawa, inaandika: dawa inamuua. Kumbe kwenye lile kundi wako wachache, pengine mmoja kwa milioni, ambao dawa haiwagusi, na kipimo cha kawaida hakiwaoni. Dawa ikiingia, wenzao wanakufa, wao wanabaki na uwanja mzima. Baadhi yao huzidisha nakala za jeni ya ukinzani. Dawa ikitoka mwilini nakala zinapungua, wanarudi kuonekana wapole. Ukiwapima tena, wasafi! Hawa si bakteria, ni wanasiasa.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walieleza Klebsiella wa namna hii. Kipimo kilisema kolistini inamuua, na kolistini ni dawa ya akiba, ya mwisho mwisho. Wakawatibu panya kwa kolistini. Panya wakafa.

Sasa hasira yangu. Kila kampeni inatupigia kelele sisi: maliza dozi, maliza dozi! Sawa, tumesikia. Lakini hawa wachache wanaweza kuwemo kabla hujameza kidonge cha kwanza. Na hospitalini wanasafiri kwa mikono isiyonawa, kwa mipira ya mkojo, kwa kitanda kilichopanguswa juu juu. Hilo nalo ni kosa la mgonjwa? Sisi tunabishana kuhusu kipimo kinachokosa wachache, wakati hospitali nyingi nchini hazioteshi bakteria kabisa. Daktari anakisia. Mtu wa Manda avuke maji na homa yake, afike ng'ambo, atibiwe kwa kukisia?

Kwa hivyo mgombea akija na fulana zake, chukua fulana, halafu muulize: maji na sabuni za wodi ziko wapi kwenye bajeti? Maabara ya kuotesha, lini? Asipande boti mpaka ajibu.

Yule wa kidonda nilimwambia aende kliniki. Akacheka, akazimeza zote mbili kwa soda.